Mapumziko ya Ufukweni Kisiwani Djerba, Tunisia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Djerba ni kisiwa cha kusini mwa Tunisia, ndani ya Ghuba ya Gabès. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 514 hivi, yaani kinaizidi Mafia kidogo, na ni tambarare, kimejaa mizeituni, mitende na nyumba nyeupe zilizotawanyika mashambani. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kupumzika kweli: kulala, kuogelea, kula samaki, kusoma na kulala tena. Anayetafuta muziki wa usiku kucha ana visiwa vingine vya kwenda.

Mediterania ina visiwa vingi vyenye majina makubwa. Kwa nini Djerba?

Kwanza ni mchanga. Visiwa vingi vya Ugiriki na Malta vina fukwe za mawe au vijifukwe vilivyobanwa na majabali. Djerba ina mchanga mweupe mlaini unaokwenda kwa kilomita nyingi bila kukatika, na maji yake yana kina kifupi. Pili ni gharama: chumba cha hoteli nzuri ya ufukweni hapa aghalabu ni nafuu kuliko chumba kama hicho Santorini au Ibiza. Tatu, Tunisia haimo kwenye eneo la Schengen, kwa hiyo huhitaji kupitia ule mlolongo wa viza ya Ulaya ili tu ulale ufukweni wiki moja.

Usitegemee mandhari ya majabali na machweo ya kwenye kadi za posta. Sehemu ya juu kabisa ya kisiwa haifiki mita 60. Uzuri wa Djerba ni wa utulivu, na unahitaji siku mbili tatu kuuzoea.

Niende mwezi gani?

Swali hili lina uzito kuliko la hoteli, kwa hiyo lijibu kwanza. Ningemshauri mtu yeyote achague nusu ya pili ya Septemba au mwanzo wa Oktoba. Bahari huwa imepashwa moto kiangazi kizima na bado ina nyuzi joto 25 hadi 27, jua halichomi kama la Agosti, na familia za Ulaya zimesharudi kwa sababu shule zimefunguliwa. Mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni nako ni kuzuri, ila maji bado yana ubaridi. Mtu wa Mombasa au Tanga, aliyezoea bahari ya uvuguvugu mwaka mzima, atashtuka akitumbukia Mei.

Julai na Agosti ni msimu wa watu wengi. Joto hupita nyuzi 32, na siku ambazo upepo wa jangwani, wanaouita chehili, unavuma, hewa hukauka hadi midomo ikapasuka. Watunisia wenyewe, na wale wanaoishi Ufaransa, hurudi likizo wakati huo, hivyo fukwe hujaa na bei hupanda. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi kubwa hufungwa au hubaki na wageni wachache. Mchana huwa nyuzi 16 au 17, kunafaa kutembea kwa miguu, lakini hutaogelea.

Upande upi wa kisiwa ndio wenye utulivu?

Karibu hoteli zote za ufukweni zimejipanga pwani ya kaskazini-mashariki na mashariki: kuanzia Sidi Mahrez, kupita mnara wa taa wa Ras Taguerness, kushuka Seguia hadi Aghir. Sidi Mahrez ndiko kwenye mchanga mpana na hoteli nyingi zaidi, pamoja na farasi, ngamia na wauza mapambo wanaopita ufukweni. Kadiri unavyoshuka kusini kuelekea Aghir, majengo yanapungua na sauti zinapungua. Kama utulivu ndio unaoufuata, anza kutafuta Seguia na kuendelea kusini.

Kabla ya kulipia, fungua picha za satelaiti uangalie mambo mawili: hoteli iko umbali gani hasa kutoka majini, na ina nini ubavuni. Kuna hoteli zinazojiita za ufukweni huku zikitenganishwa na bahari kwa barabara. Na kuna hoteli nzuri iliyopakana na jengo lililoachwa miaka mingi, jambo ambalo picha za matangazo hazikuonyeshi. Halafu omba chumba kilicho mbali na jukwaa. Hoteli kubwa huwa na timu ya burudani yenye vipaza sauti kando ya bwawa, na chumba kinachotazama bwawa ndicho kitakachokunyima usingizi wa mchana.

Pwani ya magharibi na kusini haina hoteli kubwa. Ni ya wavuvi, mawe na matope ya kina kifupi. Ina uzuri wake jioni, ila si mahali pa kutandika taulo.

Je, nikae hoteli kubwa ya ufukweni au nyumba ya wageni mjini?

Inategemea nani unasafiri naye. Wenye watoto wadogo watapumzika zaidi kwenye hoteli ya kulipia kila kitu kwa pamoja, maana chakula, vinywaji na mahali pa kuchezea vyote vipo. Wawili wasio na watoto, au mtu aliye peke yake, wafikirie Houmt Souk, mji mkuu wa kisiwa, au kijiji cha Erriadh, ambako baadhi ya nyumba za kale zimegeuzwa nyumba za wageni zenye ua wa ndani. Houmt Souk pia ina fonduk, majengo ya ghorofa moja ambamo zamani wafanyabiashara wa misafara walilala juu na mizigo ikakaa chini, kuzunguka ua. Baadhi yake sasa ni malazi ya bei ndogo.

Mimi ningegawa: siku nyingi ufukweni, na usiku miwili wa mwisho kijijini.

Bahari yenyewe ikoje? Inafaa kwa watoto na wasiojua kuogelea?

Inafaa sana. Unaweza kutembea mbali ndani ya maji kabla hayajakufika kifuani. Ila kuna jambo ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atalitambua haraka kuliko Mzungu: maji hupwa na kujaa. Sehemu kubwa ya Mediterania karibu haina kupwa na kujaa kwa kuonekana, maji husogea sentimita chache tu. Ghuba ya Gabès ni tofauti. Hapa ndipo penye kupwa na kujaa kukubwa kuliko karibu kote katika bahari hiyo, na huko Gabès kwenyewe, wakati wa bamvua, tofauti hukaribia mita 2. Djerba ni kidogo zaidi ya hapo, na si kitu mbele ya mita 4 za Zanzibar, lakini kwenye ufuo tambarare inatosha kuyasogeza maji mbali. Wageni wasiojua hulalamika kwamba bahari "imekauka". Wewe uliza saa za maji kujaa, upange kuogelea kwako.

Upepo huongezeka alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo yenye maji yaliyolala. Kiangazi yavuyavu huweza kuja na mkondo, siku nyingine wengi, siku nyingine hakuna. Wakiwapo, waulize walinzi wa ufukwe kabla ya kuingia.

Mbona ufukweni kuna marundo ya majani ya kahawia? Ni uchafu?

Hapana. Ni majani yaliyokufa ya posidonia, nyasi za baharini zinazoota chini ya maji ya Mediterania. Mawimbi huyatupa ufukweni, na marundo hayo huuzuia mchanga usiliwe na bahari. Hoteli zinazoyazoa yote kwa trekta ili ufuo uonekane safi mara nyingi huishia kupoteza mchanga wake. Ukiyakuta, sogea hatua chache.

Nitafikaje?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia ya kawaida ni kupitia Istanbul, Doha au Cairo hadi Tunis, kisha ndege ya ndani ya saa moja hivi hadi uwanja wa Djerba-Zarzis, ulio magharibi mwa Houmt Souk. Walioko Ulaya wana kazi nyepesi: miji mingi ya Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji ina ndege za moja kwa moja hadi kisiwani, hasa kiangazi.

Kwa barabara kutoka Tunis ni kilomita 500 hivi. Kuna mabasi, na kuna louage, gari la abiria wanane linaloondoka likijaa. Aliyepanda matatu za safari ndefu hahitaji kufundishwa. Utaingia kisiwani kwa kivuko cha Jorf hadi Ajim, cha robo saa tu, au kwa tuta la El Kantara, barabara iliyojengwa juu ya njia ya Warumi na kuvuka bahari kwa kilomita kama 7.

Ukifika uwanja wa ndege panda teksi ya njano yenye mita. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri nauli halali huongezeka kwa nusu, kwa hiyo usidhani unaibiwa.

Vipi kuhusu viza?

Wenye pasipoti za Uingereza, Ufaransa au Marekani huingia bila viza kwa mapumziko yasiyozidi miezi mitatu. Wenye pasipoti za Afrika Mashariki na Congo wapate jibu la ubalozi wa Tunisia unaohudumia nchi yao, tena kwa maandishi, kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa. Msafiri mwenye pasipoti ya Congo (DRC) aangalie pia njia: kubadilisha ndege Paris au Brussels humtaka awe na viza ya kupita uwanjani, hata kama hatoki nje. Kupitia Istanbul au Cairo kunaweza kumwepusha na usumbufu huo. Beba pia kadi ya njano ya chanjo.

Nibebe pesa gani?

Beba euro au dola, ubadilishe hukohuko. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, hivyo huwezi kuinunua Dar es Salaam au Nairobi. Miaka ya karibuni dola moja imekuwa dinari 3 hivi. Dinari moja ina millime 1,000, na bei sokoni zinaweza kutajwa kwa millime: ukisikia "elfu tano" ni dinari 5, usikimbie. Tunza risiti za kubadilishia pesa, maana bila hizo hutaruhusiwa kugeuza masalio kuwa euro siku ya kuondoka. Hoteli pia hutoza kodi ya kulala kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Sisi ni Waislamu. Chakula, sala na mavazi vitakuwaje?

Nyama ni halali kama kawaida ya nchi. Pombe huuzwa kwenye hoteli za watalii, kwa hiyo asiyetaka kuketi karibu nayo aulizie sehemu ya familia, au akae nyumba ya wageni isiyoiuza.

Misikiti ipo kila mahali, na hapa kuna undugu ambao Mzanzibari au Mswahili wa Muscat ataugundua mara moja. Djerba ni moja ya ngome za kale za madhehebu ya Ibadhi, pamoja na Oman, bonde la Mzab huko Algeria na milima ya Nafusa huko Libya. Ndiyo madhehebu ya masultani wa Busaidi waliotawala Unguja. Misikiti ya Kiibadhi ya Djerba ni midogo, minene, imepakwa chokaa, haina mapambo, na mingine ilijengwa pwani iwe pia mahali pa kuchungulia maadui. Karibu na Sedouikech kuna msikiti uliochimbwa chini ya ardhi. Unashuka ngazi hadi ukumbi wa giza wenye nguzo nene, na nje kuna hodhi la kuvunia maji ya mvua. Leo hausaliwi, unatembelewa.

Kibla msikose: nyumbani Dar au Mombasa tunaelekea karibu kaskazini moja kwa moja, Djerba ni mashariki, kusini kidogo. Na mwezi wa Juni alfajiri huingia kabla ya saa kumi usiku, wakati jua la jioni huzama saa moja na nusu hivi. Panga usingizi kwa kufuata hilo.

Mavazi: ufukweni mwa hoteli watu huvaa wanavyotaka, sokoni na vijijini jisitiri. Dada anayeogelea kwa vazi la kufunika mwili aandikie hoteli mapema aulize kama linaruhusiwa bwawani. Hoteli nyingine zina kanuni zao kuhusu mabwawa, na ni bora kulijua jibu ukiwa bado nyumbani. Baharini ni ruhusa.

Nitakula nini nje ya hoteli?

Anza na brik, kaki nyembamba iliyokunjwa yai bichi ndani pamoja na tuna, kisha ikakaangwa hadi nje ipasuke na kiini cha yai kibaki majimaji. Inaliwa kwa mkono, na kiini humwagika, wala hakuna anayekucheka. Kuna kuskusi ya samaki. Kuna wali wa Djerba, mchele uliochanganywa na mboga za majani, vipande vya nyama na maini, vyote vikaiva kwa mvuke badala ya kuchemshwa; mpenzi wa pilau atauonea wivu. Harissa, pilipili ya kusaga yenye vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, huletwa mezani kabla hujaagiza. Onja kwa ncha ya mkate kwanza.

Pweza yupo pia, na namna anavyovuliwa inastahili kusimuliwa. Wafinyanzi wa kijiji cha Guellala hutengeneza vyungu vidogo vya udongo. Wavuvi huvifunga kwenye kamba ndefu na kuvizamisha. Pweza hupenda shimo, huingia mwenyewe akajilaza, na asubuhi chungu huvutwa akiwa ndani. Wavuvi wengine huchomeka makuti ya mitende kwenye maji ya kina kifupi wakatengeneza ukuta unaomwongoza samaki hadi mtegoni, kazi ileile ya uzio wa pwani yetu.

Ukiona kaa wa bluu kwenye menyu, mle bila huruma. Ni mgeni kutoka Bahari ya Hindi magharibi, aliyepita Mfereji wa Suez na kuenea Ghuba ya Gabès kuanzia 2014 hivi. Alichana nyavu na kula samaki hadi wavuvi wakambandika jina la Daesh, yaani kundi la kigaidi la Dola la Kiislamu. Sasa viwanda humgandisha na kumuuza nje.

Nikichoka kulala ufukweni, nifanye nini?

Nenda soko la samaki la Houmt Souk asubuhi. Wanadi wameketi juu ya viti virefu kama vya waamuzi wa tenisi, mikononi wameshika mitungo: samaki kadhaa waliotungwa kwa majani ya mtende, wakubwa kwa wadogo. Mnadi anauinua mtungo, anautikisa kidogo ili mkia upige na mnunuzi aone ubichi, anaita bei, na chini watu wanapandisha kwa kunyanyua kidevu tu. Huuzwa mtungo, si kilo. Ukishinda mnada, migahawa ya jirani itakuchomea samaki wako kwa malipo madogo. Kama una asubuhi moja tu ya kutoka hotelini, itumie hapa. Jumatatu na Alhamisi mji una soko kubwa zaidi; Midoun ni Ijumaa.

Alasiri moja itoshe kwa Erriadh, ambako mwaka 2014 wasanii zaidi ya 100 walichora kuta za kijiji. Kijiji hichohicho kina sinagogi ya El Ghriba, kitovu cha jamii ya Wayahudi walioishi kisiwani kwa karne nyingi. Septemba 2023 UNESCO iliiweka Djerba kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya mpangilio huo wa makazi: familia zilizotawanyika mashambani, kila moja na visima na mahodhi yake, kwenye kisiwa kisicho na mto.

Mashua za kwenda rasi ya Ras Rmel zina jina la "meli za maharamia" na kelele za kutosha. Sizipendekezi kwa anayetaka ukimya. Flamingo wa rasi hiyo, ndugu wa wale wa Nakuru na Natron, huonekana zaidi majira ya baridi.

Je, niende jangwani?

Ukiwa na siku saba au pungufu, hapana. Matmata na vijiji vya Tataouine ni vizuri mno, lakini ni siku nzima garini, na umekuja kupumzika. Anayekwenda aende na mwongozaji mwenye kibali, na asikaribie mpaka wa Libya.

Ni salama? Na mtu mweusi atapokelewaje?

El Ghriba ilishambuliwa Aprili 2002, wakauawa watu ambao wengi wao walikuwa watalii wa Kijerumani, na Mei 2023 kukawa na mauaji tena wakati wa hija ya kila mwaka ya Wayahudi. Tangu hapo ulinzi ni mkali: utapekuliwa mlangoni, na wakati wa hija utakuta vizuizi barabarani. Kwa shughuli za kila siku kisiwa ni tulivu, na wizi wa mabavu dhidi ya watalii si jambo la kawaida.

Kuhusu rangi, sitaki kukupamba maneno. Februari 2023 Rais Kais Saied alitoa kauli kali dhidi ya wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara, na baada yake Waafrika weusi wengi walitukanwa, wakapigwa na kufukuzwa nyumba walizopanga. Umoja wa Afrika uliilaani kauli hiyo. Wakati huohuo Tunisia ina raia wake weusi, wakiwemo wenyeji wa Djerba, na mwaka 2018 ilipitisha sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mtalii mwenye hoteli na tiketi ya kurudi hayuko katika hali ya mhamiaji, lakini askari wa barabarani hajui hilo hadi umwonyeshe. Tembea na nakala ya pasipoti, ukurasa wenye muhuri wa kuingia, na karatasi ya hoteli. Chukua teksi iliyoitwa na hoteli usiku. Soma maoni ya wasafiri weusi kuhusu hoteli unayoitaka, si ya wageni wengine pekee. Ukiamua kwamba hutaki kulipa ili uwe na wasiwasi huo, uamuzi wako ni halali kabisa.

Lugha gani itanisaidia?

Kiarabu cha Kitunisia na Kifaransa. Msafiri kutoka Congo au Burundi atajisikia nyumbani kwa Kifaransa chake. Guellala utasikia pia Kiberberi.

Mambo madogo ya kukumbuka?

Tunisia iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili, mwaka mzima. Soketi ni za pini mbili za duara, kwa hiyo chaja ya pini tatu ya Kenya au Tanzania inahitaji adapta. Kunywa maji ya chupa.

Niondoke na nini?

Udongo wa Guellala, uufunge ndani ya nguo katikati ya sanduku. Mafuta ya zeituni yaende kwenye mzigo wa chini ya ndege. Dinari zilizobaki zibadilishe kabla hujapita ukaguzi wa pasipoti, na risiti mkononi.